Sikio Linapoziba Ghafula

Hotuba ya Katibu wa Chama cha Msingi katika Mkutano Mkuu wa sherehe za miaka kumi ya Chama Kikuu



Katibu wa chama akisimama mbele ya watu hutazamiwa kutaja kilo, bei na makato. Hayo mmekwisha kuyasikia tangu asubuhi kutoka kwa wanaoyajua zaidi yangu, na mengine yamo katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha ukumbusho. Mimi nimemwomba Mwenyekiti ruhusa ya kuzungumza juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari yoyote ya chama, nalo ni sikio la mwanachama. Mkicheka sitakasirika. Nami nilicheka siku ile, na ndiyo sababu ya kusimama hapa.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba, miaka michache iliyopita. Mizani imefunguliwa, na magunia yamepangwa toka mlangoni mwa ghala hadi chini ya mwembe. Mzee mmoja wa chama chetu alileta korosho zake. Jina lake silitaji, ingawa mwenyewe ameniruhusu kuzieleza habari zake. Karani akasoma uzito. Mzee akauliza, "Umesemaje?" Karani akarudia. Mzee akageuza kichwa, akatega sikio la kulia, akauliza tena, na watu wakacheka. Ndipo akaniambia, "Katibu, mwanangu, sikio hili la kushoto limefunga. Nimeamka nalo hivi alfajiri. Lavuma kama mashine ya salfa." Nikamjibu kwa heshima, lakini bila kufikiri: "Ni vumbi la ghala hilo, Mzee. Mwambie mama akutilie mafuta ya vuguvugu, kesho litazibuka." Akashukuru, akaweka dole gumba kwenye stakabadhi, akaenda zake.

Siku ya pili alirudi kwa ajili ya gunia lililobaki. Alikuwa akitembea kwa kuyumba, mkono ukutani, na nyuma ya ghala akatapika. Ninyi mwajua Oktoba ni mwezi gani kwetu: mabibo yamejaa chini ya mikorosho, na uraka haukosekani kijijini. Vijana wakasema Mzee ameonja. Mzee yule hakupata kunywa pombe maishani mwake, na kila mtu alijua, lakini utani ulikuwa mtamu kuliko ukweli. Siku ya tatu hakuja. Mkewe akaleta habari kwamba uso wake umelegea upande wa kushoto, uji wamwagika mdomoni, na kikombe akikiinua kwa mkono wa kushoto chaenda shavuni badala ya kwenda kinywani. Hata hapo majirani walibishana. Walisema si kiharusi, maana mkono una nguvu na mguu una nguvu, na kiharusi wakijuacho wao huangusha vyote viwili kwa pamoja. Akaitiwa mganga. Zikapita siku mbili nyingine kabla hajapakiwa garini kupelekwa hospitali.

Huko alipimwa shinikizo la damu, likaonekana 210 kwa 120. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kupimwa. Daktari akasema ni kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo. Akanigeukia mimi niliyemsindikiza, akauliza, "Lilianza nini?" Nikasema, sikio. Akaweka kalamu chini, akauliza tena, "Nanyi mkafanya nini?"

Tangu siku hiyo nimesoma kadiri nilivyoweza kwa elimu yangu ya sekondari, na nimewauliza waganga wakuu na wauguzi kila nilipowapata. Nitakayoyasema ndiyo niliyofundishwa, nami naomba mniwie radhi nikiyasema kwa lugha ya mizani na mikorosho, maana sina nyingine.

Kwanza yafaa tuelewe sikio lenyewe. Lile tulionalo na kulishika ni mlango tu. Sauti hupita tundu, ikagonga ngozi nyembamba iliyotandwa ndani mithili ya ngoma, ikapitishwa na vifupa vitatu vidogo sana hadi katika sikio la ndani, ambalo limejificha ndani ya mfupa wa kichwa. Huko ndani ndiko sauti inakogeuzwa kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo, na pembeni yake tu ndipo kilipo chombo cha kutufanya tusimame bila kuanguka. Ndiyo maana mara nyingi ugonjwa wa sikio la ndani huja na kizunguzungu: vyombo hivi viwili ni jirani, nyumba moja, na hula chakula cha chungu kimoja.

Chakula hicho ni damu. Nasi watu wa uwanda wa juu tutalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kwetu Newala maji hupandishwa kwa mashine kutoka bondeni. Mama zetu na bibi zetu wanakumbuka siku za kushuka genge na kupanda tena na mtungi kichwani. Bomba likiziba, mtu hana mto wa kukimbilia. Sikio la ndani nalo liko hivyo hivyo. Hulishwa na mshipa mmoja mwembamba wa damu, wala hakuna njia nyingine ya pembeni ya kulisaidia. Na mshipa huo, kwa watu walio wengi, ni tawi la mshipa mkubwa zaidi ambao hulisha pia sehemu ya nyuma ya ubongo, kule kisogoni, panapotawaliwa mwendo wa kutoyumba, ulingano wa mikono, na mishipa ya fahamu ya uso. Basi damu ikiganda au mshipa ukisongwa mahali fulani, tawi dogo laweza kukauka kwanza. Sikio hunyamaza. Kisha, baada ya saa chache au siku chache, shina lenyewe huziba, na hapo uso na mwendo hufuata. Madaktari wa Korea ya Kusini, miongoni mwao Daktari Hyung Lee, wamechunguza kwa miaka mingi wagonjwa wa kiharusi cha mshipa huu, na wameandika kwamba kwa baadhi yao sikio au kizunguzungu kilitangulia kabla ya dalili nyingine zote.

Mzee wetu alikuwa mmoja wao. Sikio lilikuja siku ya kwanza, kuyumba na kutapika siku ya pili, uso na kikombe siku ya tatu. Mkono wake ulikuwa na nguvu kweli, majirani hawakusema uongo. Ulichopoteza ni shabaha, na hiyo nayo ni kazi ya ubongo wa nyuma. Kiharusi chenye sura hiyo hatukukijua kijijini, na kwa sababu hatukukijua tulikipa majina mengine: vumbi, uraka, na mwisho mambo ya watu.

Kuhusu hayo mambo ya watu, niruhusuni niseme neno moja kabla sijaendelea. Twapenda kudhani kwamba imani ya mashetani katika ugonjwa huu ni ya sisi wa shamba, na kwamba watu wa mjini wameendelea. Mwaka 2008 Bwana Mshana na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya namna watu wanavyokielewa kiharusi, wakilinganisha Dar es Salaam na Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Waliona kinyume cha tunavyodhani. Ni watu wa Dar es Salaam waliotaja zaidi mashetani na uchawi, na wakulima wa Hai waliotaja zaidi shinikizo la damu, mafuta na mawazo mengi. Basi mkulima asijidharau. Akielezwa jambo huelewa, na akielewa hutenda.

Sasa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo mtu awezapo kutoka na hofu isiyo na maana. Si kila sikio linaloziba ni kiharusi. Masikio mengi yaliyoziba yana nta tu, au maji ya kuogea, au usaha wa sikio la kati baada ya mafua, na haya hutibika zahanati. Tena hata lile sikio la ndani linalokufa ghafula, kwa wagonjwa walio wengi, yapata 9 katika kila 10, madaktari huchunguza wasione sababu dhahiri. Wanaopata kiharusi ni wachache. Lakini nani kati yetu awezaye kujitazama ndani ya mfupa wa kichwa chake akajua yeye ni wa kundi gani?

Kuna tofauti ambazo mkulima aweza kuzitambua mwenyewe. Sisi tunaopulizia mikorosho salfa kwa mashine ya mgongoni twajua kelele zake, na wengi wenye umri mkubwa masikio yao yamechoka. Lakini uziwi wa kelele huja polepole, mwaka baada ya mwaka, aghalabu masikio yote mawili. (Na kwa njia, vijana, zibeni masikio yenu mnapopulizia, pamba tupu haitoshi sana lakini vizibo vya masikio havina bei kubwa.) Uziwi wa kwinini, ambao wazee wanaukumbuka vema, nao hushika masikio yote mawili pamoja na mlio, na aghalabu huondoka dawa ikiisha. Ninaouzungumzia hapa ni mwingine. Huja katika saa chache, au hauzidi siku tatu. Karibu kila mara huwa wa sikio moja. Mara nyingi mtu huamka nao, au huutambua anapoweka simu sikioni asisikie kitu, akadhani simu ndiyo mbovu. Mara nyingi huja na mvumo, na hisi kama kwamba sikio limejazwa pamba.

Daktari mmoja alinionyesha njia ndogo ya kujipima, nami nawapa kama nilivyopewa. Fumba mdomo uvume kwa pua, "mmm," kwa sauti ya kawaida. Ukisikia mvumo umehamia katika sikio lililoziba, huenda ni nta au majimaji. Ukisikia umehamia katika sikio zima, ukaliacha bovu kimya, hiyo ni ishara kwamba ubovu upo ndani. Njia hii haichukui mahali pa kipimo cha hospitali. Yasaidia tu kuondoa maneno ya "subiri kidogo."

Ama sikio hilo likifuatana na dunia kuzunguka, kutapika, kuyumba, kuona vitu viwili, uso kwenda upande, ganzi, kusema kwa taabu, kushindwa kumeza, au maumivu makali ya kichwa yasiyo ya kawaida, basi hapo hakuna cha kujipima. Ni kutafuta gari.

Nimesema wanaopata kiharusi ni wachache, lakini napenda mjue pia kwa nini hata sikio lililoziba peke yake lisidharauliwe. Mwaka 2008, katika jarida la utabibu liitwalo Stroke, Bwana Herng-Ching Lin na wenzake wa Taiwan walitoa hesabu ya wagonjwa 1,423 waliolazwa hospitali kwa kupoteza usikivu ghafula. Wakawafuatilia kwa miaka 5, na wakawalinganisha na wengine 5,692 waliolazwa kwa kupasuliwa kidole tumbo. Katika wale wa sikio, watu 180 walipata kiharusi, yaani karibu 13 katika kila 100. Katika wale wengine walipata 441, yaani karibu 8 katika kila 100. Tofauti hiyo si ya kukimbia nayo barabarani ukipiga mayowe. Ni watu wa Taiwan, waliolazwa, na uchunguzi mmoja haugeuki kuwa sheria. Lakini mimi ni mtu wa hesabu, na mizani ikionyesha hivyo mara moja, huipima tena. Mtu ambaye sikio lake limezima ghafula, hata kama lilizima peke yake, na hata kama limepona, ana sababu njema ya kwenda kupimwa shinikizo la damu, sukari na mapigo ya moyo.

Hapo ndipo penye shina la mambo yote, Bwana Mwenyekiti, nami nitakaa hapo kidogo.

Kati ya Juni 2003 na Juni 2006, Daktari Richard Walker na wenzake, Watanzania na Waingereza, walifanya kazi kubwa ya kuhesabu kila mtu aliyepata kiharusi mara ya kwanza katika sehemu mbili za nchi yetu: Hai na Dar es Salaam. Walipata watu 636. Walipolinganisha umri wa watu kwa kipimo kimoja cha dunia, Hai ilikuwa na viharusi kama 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 316. Hesabu hiyo ya Dar es Salaam, iliyochapishwa mwaka 2010, ni kubwa kuliko ya nchi nyingi tajiri. Basi wanaosema kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri hawajaisoma.

Na kabla ya hapo, mwaka 2000, ulichapishwa uchunguzi mwingine juu ya shinikizo la damu katika mtaa mmoja wa Ilala na kijiji kimoja cha Hai. Watu wazima takriban 3 katika kila 10 walikuwa nalo, mjini na shambani karibu sawasawa. Sikilizeni hii inayofuata: katika kila 100 wenye shinikizo, waliojijua hawakufika hata 20, waliokuwa wakipata dawa walikuwa kama 10, na ambao shinikizo lao lilikuwa limetulizwa kweli hawakufika hata mmoja.

Nilipoisoma hesabu hiyo nilikumbuka vita vyetu na kangomba. Sote humu twakataa kuuza korosho kwa kangomba, na tumewafukuza wanunuzi wa usiku, kwa sababu twajua kipimo kisicho cha mizani humwibia mkulima hata akiwa anatabasamu. Lakini afya zetu twazipima kwa kangomba. Mtu hujitazama, hujiona ana nguvu, apalilia ekari nzima, asema, "Mimi sina presha." Shinikizo la damu halina ladha wala harufu. Mzee wetu alikuwa akibeba gunia peke yake wiki moja kabla ya kuanguka. Chombo cha kulipima kipo, nacho ni mizani kama mizani nyingine: husoma namba mbili, na zikifika 140 kwa 90 au kuzidi, katika vipimo vya siku mbalimbali, mtu ni wa kuonana na mganga. Na dawa zikianzwa si za kunywa mpaka ujisikie vizuri. Ubwiri unga hukupulizia salfa mara moja ukaenda kulala. Ulirudi, ukarudia, kwa sababu ulijua ukiacha chipukizi zitakauka.

Juu ya chakula nitasema machache, maana mmekwisha kuambiwa mara nyingi. Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Samaki wa chumvi mmoja pembeni ya ugali wa muhogo aweza kuzimaliza peke yake. Mloweke, mmwage maji, kisha mmpike. Tumbaku na pombe nazo mwazijua.

Narudi kwenye sikio. Mtu akiamka hasikii upande mmoja, afanyeje? Asitie kitu sikioni: wala mafuta, wala maji ya majani, wala unyoya wa kuku. Mimi ndiye niliyeagiza mafuta, na mafuta hayo hayakumwua Mzee, lakini yalimfanya angoje, na kungoja ndiko kulikomwumiza. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, aseme wazi: "Sikio limezima ghafula, saa fulani, upande fulani." Saa ni jambo kubwa, iandikeni hata kwa mkaa ukutani. Huko atazamwe kama ni nta. Kama si nta, aombe barua ya kwenda hospitali. Walioko Masasi wana Mkomaindo, na Ndanda wana Hospitali ya Mtakatifu Benedikto ambayo wazee wetu waliitegemea tangu zamani. Newala wana hospitali yao. Na Mtwara iko Ligula, pamoja na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ambayo kwa miaka mingi sisi wa Kusini tulikuwa tukiiota tu.

Kuna dawa za jamii ya kotikosteroidi, kama prednisoloni, ambazo madaktari hutoa ili kujaribu kulirudisha sikio, na zinafaa zaidi zikianzwa mapema, katika wiki mbili za kwanza. Nasema hivi nikiwa na hofu, maana namjua mwenye duka la dawa na namjua mteja wake. Dawa hizo hupandisha sukari na shinikizo la damu. Mtu asijinunulie. Vilevile asipewe aspirini na jirani mwenye huruma. Kuna kiharusi cha damu kuganda na kuna kiharusi cha mshipa kupasuka, na aspirini katika hicho cha pili ni sawa na kumwaga petroli penye moto. Wala asikope vidonge vya presha vya shemeji yake. Na mgonjwa ambaye uso umelegea asilishwe uji wala kunyweshwa maji mpaka apimwe kumeza, kwa sababu chakula chaweza kuingia mapafuni. Wake zetu hulisha kwa mapenzi. Nalitaja hili kwa ajili yao.

Wenzetu wa nchi nyingine huzungumza juu ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kupigwa picha ya kichwa. Sitawadanganya. Kutoka kijiji cha Newala hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 500, na saa 4 na nusu huisha kabla hujafika mbali. Wapo watakaouliza, basi kukimbia kwafaa nini? Kwafaa. Hospitali hata isiyo na dawa hiyo hutuliza shinikizo kwa utaratibu, huzuia homa ya mapafu, hupima sukari, hutoa dawa ya kuzuia kiharusi cha pili, na huanza mazoezi mapema. Na katika mambo ya Mzee wetu kulikuwa na siku mbili nzima kati ya sikio na uso. Hatukukosa dawa ya Dar es Salaam siku hizo mbili. Tulikosa kifaa cha kupimia shinikizo, na mtu mmoja wa kusema, "Nenda."

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mbele ya Mkutano huu ombi, nami naomba liandikwe katika kumbukumbu. Kila chama cha msingi kina mizani, na mizani hiyo hukaguliwa na wakala wa vipimo kabla ya msimu. Naomba kila chama kinunue pia kifaa kimoja cha kupimia shinikizo la damu, cha mkono wa juu, si cha kifundo, kikae pale pale karani anapokaa. Mhudumu wa afya wa kijiji amfundishe karani na katibu kukitumia. Siku ya kupima korosho mwanachama huketi saa nyingi akingoja zamu yake. Atakuwa amepumzika, na ndivyo inavyotakiwa mtu awe kabla ya kupimwa. Namba zake ziandikwe katika kadi yake mwenyewe, zisisomwe kwa sauti kama kilo, kwa kuwa habari za mwili wa mtu si za ghala zima. Anayezidi kipimo apewe barua.

La pili ni gari. Msimu ukiwa wazi magari yapo mengi, yabeba mizigo. Mwezi wa Machi mvua inaponyesha hakuna hata moja. Sehemu ndogo sana ya ushuru wa chama ikitengwa kwa ajili ya safari ya mgonjwa, pamoja na mapatano ya mapema na mwenye gari mmoja wa kijiji kwa bei inayojulikana, itaokoa zile saa ambazo watu hukaa kujadiliana nauli huku mgonjwa amelala mkekani. Najua wako wajumbe watakaosema chama si hospitali. Nami nakubali. Chama si hospitali, wala si shule, na tumejenga madarasa. Wanachama wakikataa ombi langu kwa kura nitanyamaza, lakini naomba lipigiwe kura.

Mtapenda kujua habari za Mzee. Yu hai. Uso umerudi karibu wote. Anatembea kwa fimbo, kikombe chafika kinywani, mikorosho yake inahudumiwa na mjukuu, na vidonge vyake hunywa kila asubuhi. Sikio la kushoto halikurudi. Nilikwenda kwake kumwomba radhi kwa yale mafuta ya vuguvugu. Akanisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, rudia, ulisemea upande ule." Sikujua kama alikuwa anatania, na mpaka leo hajaniambia.

Yumo humu ukumbini, safu ya pili. Chama chetu kimetangulia kununua kifaa, nacho kiko juu ya meza karibu na mlango, pamoja na muuguzi aliyekubali kutusaidia alasiri hii. Mzee ameomba awe wa kwanza. Atakayempeleka mezani, tafadhali atembee kuliani kwake.